Aliuliza Mara Moja

Mkebe wa biskuti wa Cucu, bibi yangu, bado unanukia siagi. Sijui inawezekanaje, maana kwa miaka mingi umekuwa wa nyuzi, sindano, vifungo vya sweta na vipande vya chaki ya kushonea. Lakini wiki iliyopita nilipoubandua mfuniko, nikiwa nimepiga magoti kwenye sakafu ya chumba chake kule Gitothua, Ruiru, harufu ilinipanda puani moja kwa moja na nikakasirika. Wenzangu wakisikia harufu ya utotoni wanalengwalengwa na machozi. Mimi nilitaka kuurusha mkebe ukutani.

Watu wakisikia kwamba mama yangu aliolewa na mzungu, uso unawabadilika. Wanauliza alienda nchi gani, na kama alinitumia picha za theluji. Mama alienda Thika. Kutoka kwetu Ruiru mpaka Thika ni barabara moja tu, tena ile kubwa, unasinzia kidogo na umefika. Huko ndiko alikoenda, na huko ndiko nilikokatazwa kwenda kukaa, na mpaka leo mtu akianza kunisimulia utamu wa ndoa za watu wa mataifa mawili, huwa natafuta sababu ya kuinuka kwenye kiti.

Baba sikuwa naye, na hilo halikuwa jambo la kuzungumzwa. Nilizaliwa kwa Cucu, nikapewa jina la Cucu, Waithera, kama anavyopewa mtoto aliyezaliwa nyumbani. Kwa hivyo Mama aliniita maitu, yaani mama yangu, kwa sababu nilikuwa na jina la mama yake. Anko Njoroge, kaka yake mkubwa, jitu la mabega mapana lililokuwa na duka la misumari na mabati pale Ruiru, naye aliniita maitu. Guka, mumewe Cucu, alikuwa ameshakufa, hivyo sauti ya nyumba ilikuwa ya Anko. Nilikuwa mtoto wa darasa la tatu, naitwa mama na watu wazima wawili, na nilijiona mtu mkubwa sana.

Mama alifanya kazi kwenye shamba la maua nje ya Thika, kwenye banda la kupanga mawaridi kulingana na urefu wa shina. Alirudi jioni akinukia majani mabichi na dawa ya kupulizia, vidole vimechomwachomwa, na kazi yangu ilikuwa kumtoa miiba kwa sindano huku amekunja uso akiniambia nisiharakishe. Tulilala kitanda kimoja. Sikujua kulala bila mgongo wake, na sikuwa na mpango wa kujifunza.

Pita aliletwa na shamba hilohilo. Alikuwa Mholanzi, fundi wa mabomba ya kumwagilia maji, mrefu, nywele za rangi ya nyasi zilizokauka, na alikuwa amejifunza Kiswahili kwenye kitabu kabla hajapanda ndege. Alikiongea vizuri kuliko sisi sote, jambo ambalo Anko hakulipenda. Alisema yule mzungu anaongea kama taarifa ya habari, hujui kama anakusalimia au anakutangazia kifo.

Alikuja kwetu mara ya kwanza Jumapili moja baada ya kanisa. Jambo la kwanza alilofanya ni kuinama na kumbusu Cucu mashavuni, huku, kule, kisha huku tena, mara tatu, kama wanavyosalimiana kwao. Cucu alikuwa mwanamke wa kanisa, mjane, na hakuna mwanamume aliyewahi kumgusa shavu hadharani. Alisimama ameshika kitambaa chake cha kichwa kama mtu aliyepigwa na upepo wa lori. Kisha Pita akatoa mkebe huu wa biskuti, wa rangi ya buluu, akaufungua, akapitisha. Kila mmoja akachukua moja. Halafu akaufunga.

Mfuniko ulilia ko! na sebule ikanyamaza. Nilikuwa bado natafuna. Nilimtazama Cucu, Cucu akamtazama Mama, na Mama akaangalia kalenda ukutani. Kwetu chakula kikishafunguliwa mbele ya wageni hakifungwi, mpaka kiishe au wageni waondoke. Baadaye nilikuja kujua kwamba kwao ndivyo adabu ilivyo, kahawa moja na biskuti moja, na mtu haonekani mchoyo. Lakini siku ile sikujua, na hata ningejua ningemchukia tu. Alikuwa amekaa kwenye kiti nilichozoea kukalia kumtoa Mama miiba.

Cucu alilipiza kisasi kwa mukimo, viazi vilivyopondwa na mahindi na mboga. Alimjazia sahani, Pita akala yote, akasema, "Asante, nimeshiba." Cucu akamwongeza. Pita akasema tena kwamba ameshiba kweli, na Cucu akamwongeza nyama. Kwetu mgeni akisema ameshiba huo ni mwanzo wa mazungumzo. Yule mtu aliitazama sahani kwa uso wa mtu aliyeshtakiwa kwa kosa asilolijua, akala mpaka jasho likamtoka, na mimi nilifurahi sana. Mambo yote ya mbele yalikuwa pale kwenye sahani ile. Walikuwa watu wazima, wana macho, na hawakuona.

Siku ya kuleta mahari, hema lilipigwa uani kwa Cucu, na viti vya plastiki vikapangwa mpaka karibu na choo. Pita hakuwa na ndugu hapa nchini, kwa hivyo alikuja na watu wa kazini. Msemaji wake alikuwa Mzee Mutua, msimamizi wa shamba, Mkamba mpole mwenye kofia, aliyetoka ule upande wa mashariki ya Thika. Kwa desturi, wageni wakifika lango linafungwa. Wanawake wa nyumbani wanasimama ndani na kuimba kwamba hatuwajui, hatuna msichana hapa, rudini mlikotoka. Wageni nao wanaimba kubembeleza, wanatoa kitu kidogo, wanakataliwa, wanabembeleza tena, na mwishowe lango linafunguliwa kwa vigelegele. Kila mtoto wa kwetu anaujua mchezo huo kabla ya kujua kufunga kamba za viatu.

Pita alikuwa kwenye gari la mbele. Alisikia kwamba arudi alikotoka, na alikielewa Kiswahili vizuri mno. Akageuza gari.

Nilikuwa nimepanda juu ya tangi la maji nikaona kila kitu. Gari lilirudi nyuma polepole, kwa heshima kubwa, likaingia barabarani likaondoka, na kina mama wakabaki wanaimbia vumbi. Ilibidi Anko amtume mtu wa bodaboda amkimbilie. Alipoletwa tena watu walicheka mpaka wakashikana mabega. Mzee Mutua akamweleza pale nje ya lango kwamba ule ni wimbo, kwamba kwenye wimbo hapana haina maana ya hapana. Pita alisikiliza kwa makini akatikisa kichwa. Akauliza, basi nitajuaje ni lini ina maana hiyo? Watu wakacheka zaidi. Hakuna aliyemjibu, na mimi leo ningependa kuwauliza waliocheka walikuwa wanacheka nini.

Ndani ya nyumba walikuwa wanatufunika. Hiyo nayo ni desturi. Wanawake kadhaa wanafunikwa leso kutoka kichwani mpaka chini, wanapangwa mstari, na bwana harusi anatakiwa amtambue wake. Akikosea anatozwa faini na kuchekwa. Mimi nilisukumwa mwisho wa mstari kwa utani, mtoto wa kuchekesha wageni. Aliyenifunga leso alikuwa Njeri, binti ya Anko, mkubwa kwangu, aliyejua kila kitu, na nusu ya alichokijua ilikuwa uongo. Nilimwuliza kwa nini nafunikwa. Akaniambia waliofunikwa ndio wanaotoka.

Nilimwamini. Nilidhani hiyo ndiyo sheria, kwamba ukiwa chini ya leso unaweza kuombwa, na ukiombwa unaenda. Nilimchukia yule mtu, simfichi msomaji. Nilichukia nywele zake, na mkebe wake, na namna Mama alivyoanza kucheka kwa sauti ambayo hakuwa nayo zamani. Lakini Mama alikuwa anaenda, na mahali alipokuwa anaenda ndiko mgongo wake ulikokuwa unaenda. Nikasimama kwa vidole vya miguu ili nionekane mrefu, nafaa kuchukuliwa.

Leso ilikuwa nyepesi. Nikitazama chini niliona miguu yote ya mstari, na nikajua ya Mama ilipo. Viatu vya Pita vikaja, vikubwa, vya kahawia, vikasimama mbele ya huyu, vikasogea, vikasimama mbele ya yule. Vilipofika kwa Mama, niliona kidole gumba cha mguu wake kikiinuka kwenye ndara, kikashuka. Kilikuwa kitendo kidogo sana. Nyumba nzima ilikuwa inamkatalia huyu mtu kwa nyimbo na malango na vitambaa, na Mama alikuwa anamwita kwa kidole cha mguu. Mpaka wakati ule nilikuwa nimeamini kwamba Mama anachukuliwa, na hapo ndipo nilipoona kwamba anaenda.

Vigelegele vikapigwa. Mama akafunuliwa. Na nilipodhani yameisha, viatu vya kahawia vikaja mpaka mwisho wa mstari, vikasimama mbele yangu.

"Na huyu mdogo?" Pita akauliza. "Nyambura akija kwangu, huyu naye aje. Ningependa aje."

Alisema hivyo kwa sauti ya kawaida, mbele ya watu wote, amesimama wima kama mtu anayeulizia bei ya saruji dukani. Vigelegele vilikatika. Kupitia leso niliona mikono ya kina mama ikishuka.

"Huyo hatoki," Anko Njoroge akasema. "Huyo ni maitu."

"Sawa," Pita akasema. "Nimeelewa."

Mzee Mutua alimvuta kando, lakini kando kwenyewe kulikuwa palepale nilipokuwa, kwa sababu hakuna anayemhesabu mtoto aliyefunikwa kitambaa. Alimwambia kwa sauti ya chini kwamba hilo tutalirudia, tutakuja siku ingine tuongee tukiwa tumekaa. Pita akamjibu kwamba hakuna haja. Wameshajibu, alisema, mtoto ni wao. Mzee Mutua akavua kofia yake, akaivaa tena. Naye Mama alikuwa amesimama pale karibu, leso mabegani, uso unang'aa mafuta, anasikia.

Hakuna aliyekumbuka kunifunua. Nilikaa chini ya kile kitambaa mpaka chakula kilipoanza kugawanywa na Njeri akaja kuchukua leso ya mama yake. Nilikuwa nimeelewa jambo moja, na nililielewa kwa miaka. Niliombwa kama mtu anavyoomba chumvi mezani, ikiwepo sawa, isipokuwepo sawa.

Mama alihamia Thika, kwenye nyumba ya kupanga yenye bustani, na mimi nikabaki na Cucu. Kile kitanda kikawa kikubwa. Kila Jumapili ya mwisho wa mwezi nilipelekwa kuwatembelea, nimepakwa mafuta mpaka magoti yanateleza. Pita alifungua mlango, akauliza, "Unataka soda?" Nami, kama alivyofundishwa kila mtoto wa heshima, nilisema hapana, ili aniulize tena. Hakuuliza tena. Alisema sawa na kurudi kwenye gazeti lake. Nilishinda na kiu katika nyumba yenye friji, nasikia chupa zikigongana kila mlango wake ulipofunguliwa. Baadaye Mama alikuwa akija jikoni kimya, akiniwekea soda mkononi, na kunipapasa kichwani. Hakusema kitu kwangu, na hakusema kitu kwake. Nilidhani hiyo ilikuwa huruma.

Katika nyumba hiyo kulikuwa na chumba cha nyuma. Siku moja nikitafuta choo nilikifungua. Kulikuwa na mabomba ya maji yamelazwa juu ya kitanda kidogo cha mbao, kitanda cha mtoto wa umri kama wangu, kimepakwa rangi ya kijani, godoro bado limo ndani ya plastiki. Nilikielewa mara moja. Walikuwa wanangoja mtoto wao, atakayekuja na nywele za nyasi. Nilikaa kwenye choo nikamlaani mtoto huyo kwa maneno yote niliyoyajua, mengi nikiwa nimeyatoa kwenye duka la Anko. Mtoto huyo hakuja. Kwa muda mrefu niliamini mimi ndiye niliyemzuia, na sikujuta hata kidogo.

Nyumbani, Cucu naye alikuwa na mambo yake. Alikuwa na jogoo mmoja mwekundu ambaye hakuguswa. Krismasi ilikuja tukala kuku wengine, Pasaka tukala wengine. Nikimwuliza kuhusu yule mwekundu alisema huyo ni wa wageni. Baadhi ya Jumamosi alifagia uwanja mpaka langoni, akatandika vitambaa kwenye makochi, na kusema huenda watu wakaja. Nilidhani anamngoja pasta. Pasta alikuja mara nyingi na jogoo hakuchinjwa. Jogoo alizeeka, akawa na jicho moja bovu, akawa anawika saa za mchana, na asubuhi moja tukamkuta amekufa chini ya tangi. Cucu alimtupa mwenyewe shimoni, wala hakutaka asaidiwe. Baada ya hapo hakufagia tena mpaka langoni.

Mambo haya nilikuwa nayo kichwani kama vitu vya kabatini, kila kimoja mahali pake, na sikuwahi kuvigusa pamoja. Cucu tulimzika mwezi uliopita. Wiki iliyopita, nilipokuwa nimepiga magoti pale chumbani na mkebe mkononi, Anko Njoroge alikuwa ameketi mlangoni kwenye stuli, mzee sasa, mabega yameanguka, anakula nyama choma baridi aliyofungiwa kwenye vibanda vya Kamakis. Aliuona mkebe akacheka.

"Huyo mzungu," akasema. "Si tulimngoja."

Nikamwuliza walimngoja kwa nini.

"Arudi akuombe. Ulidhani nilikataa kabisa? Mtoto haombwi mtu akiwa amesimama, kama kuomba lifti. Nilisema hatoki ndio arudi na wazee, tukae chini. Cucu wako alikuwa amekubali siku hiyohiyo. Hata jogoo alikuwa ameweka." Alinyonya mfupa. "Hakurudi. Tukaona basi, hakutaki."

Alisema hivyo kwa namna anavyosema bei ya mabati ilivyokuwa zamani. Nilimtazama, na nilimchukia kwa utulivu sana, yeye na stuli yake. Alikuwa na mdomo, na duka lake lilikuwa barabarani kabisa, magari ya Thika yanapita mbele yake mchana kutwa. Angeweza kuvuka akasema neno. Lakini yeye ndiye aliyekuwa wa kuombwa, na mwenye kuombwa kwetu haendi kumfundisha mwombaji. Kwa hivyo alikaa dukani akiuza misumari mpaka mimi nikakua.

Niliuchukua mkebe nikaenda Thika siku hiyohiyo.

Walikuwa mezani wanakunywa kahawa ya alasiri. Pita amestaafu, magoti yake yamekwisha kwa kupiga magoti kwenye mabomba, na nywele sasa ni nyeupe. Niliuweka mkebe katikati ya meza, nikakaa. Sikusalimia. Nilisema maneno ya Anko kama yalivyo, kuhusu kusimama na kukaa, kuhusu jogoo.

Pita aliugusa mkebe. "Mjomba wako alisema hapana," akasema. "Kwetu mtu akisema hapana juu ya mtoto wake, unamheshimu. Ukirudi kumwuliza tena, umemtukana."

"Kwetu usiporudi ndiyo umemtukana," nikamwambia. "Na umemtukana mtoto."

"Mimi kitanda nilikinunua kabla ya siku ile," akasema. Hakusema kwa kujitetea. Alisema kama mtu anayetaja mahali bomba lilipopasukia. "Nilikipaka rangi mwenyewe. Halafu wakasema hapana."

Nilikumbuka mtoto wa nywele za nyasi niliyemlaani chooni. Sikumhurumia Pita. Mtu aliyegeuza gari langoni akaelezwa, na mwaka baada ya mwaka asijiulize tena, hahitaji huruma yangu. Kwa mashavu alijua mara tatu. Kwa mtoto alijua mara moja.

Lakini nilikuwa sijamalizana na Mama. Yeye alizaliwa Gitothua. Yeye alijua wimbo wa langoni, na sahani ya pili, na soda ya pili. Yeye alisikia kila neno pale mstarini akiwa amesimama karibu kiasi cha kuweza kunishika. Nikamwuliza kama alijua kwamba Anko anangoja kuombwa tena.

"Nilijua," Mama akasema.

"Na hukumwambia."

Alikuwa ameinuka kuweka maji mengine kwenye jiko, akasimama mlangoni mwa jikoni ananitazama. Mikono yake bado ina alama za miiba, vidoa vidogo vyeusi ambavyo sindano yangu haikuvifikia.

"Nilitaka aulize mwenyewe," akasema. "Nikimfundisha kukuomba, ningejuaje kama anakutaka? Nikasema wacha nione. Nikangoja wiki, nikangoja mwezi. Halafu ikawa aibu kusema." Alifuta mikono kwa taulo ya vyombo. "Na ukweli mwingine ni huu, maitu. Nilikuwa nimechoka. Nilikuzaa nikiwa msichana. Siku za kwanza hapa nililala mpaka asubuhi bila kuamka kukufunika, na nikapenda. Kwa hivyo hata mimi sikukimbia kusema."

Hakuna aliyegusa kahawa. Nilikuwa nimekuja na hasira ya kutosha watu watatu, na sasa niliona kwamba kila mmoja wao alikuwa na fungu lake tayari. Anko alingoja kuombwa. Cucu alingoja na jogoo wake. Mama alingoja amwone mumewe ataongozwa na moyo gani. Aliyekuwa hangoji kitu ni Pita peke yake, kwa kuwa yeye alishajibiwa. Na katikati yao mtoto amesimama kwa vidole vya miguu, kichwa kimefunikwa, anangoja pia. Niliwatazama wale wawili na sikuona wa kumsamehe kwanza.

Pita alikohoa. "Kwenye ile nyumba ya Gitothua utakuwa peke yako," akasema. "Chumba cha nyuma kipo. Mabomba nilishayatoa. Njoo ukae hapa nasi, kama ungependa."

"Hapana," nikasema.

"Sawa," akasema, na akanyoosha mkono kuchukua kikombe chake.

Sikuinuka. Mkoba ulikuwa begani, mlango ulikuwa wazi, hakuna aliyenishika, na sikuinuka. Nilikaa nimekaza mgongo, macho kwenye mkebe wa buluu, na kwa muda mrefu kidogo sikujua ninachofanya pale. Kisha nikaona namna nilivyoweka mabega. Nilikuwa nimekaa kama Anko Njoroge.

Mama alikuwa bado mlangoni mwa jikoni, taulo ya vyombo mkononi. Alinitazama mimi, akamtazama mumewe aliyekuwa anapuliza kahawa kwa amani yake yote, na niliona uso wake ukijua, kama ulivyojua siku ile, na kila siku ya soda.

"Pita," akasema. "Muulize tena."

"Amesema hapana."

"Nimesikia alichosema. Muulize tena."

Pita aliweka kikombe chini. Alimtazama Mama, kisha akanitazama mimi, kwa uso uleule wa mtu aliyeongezwa sahani akiwa ameshiba, na masikio yake yakaanza kuwa mekundu. Nilimwona anatafuta maneno mapya, kana kwamba ya kwanza yalikuwa na kosa la kitabu. Mwishowe akasema yaleyale.

"Njoo ukae hapa nasi, Waithera."

"Hapana," nikasema, na nikavua mkoba begani, nikavuta kiti karibu na meza, nikangoja.